Kabla hujaongeza kijazo, fikiria joto

Mwaka 1972 watafiti wa Kisovieti, akiwemo Chechilo na Enikolopyan, waliripoti upolimishaji unaojiendesha, yaani molekuli ndogo (monoma) kuungana zenyewe kuwa minyororo mirefu (polima), kwa kutumia monoma iitwayo methili methakrilati. Unapasha joto upande mmoja wa mrija wa monoma, wimbi linaanza kutembea, na linapopita kimiminika kinaganda. Tanuri halihitajiki: joto la tabaka moja ndilo linaloamsha kianzilishi (kemikali inayoanzisha mmenyuko) cha tabaka linalofuata, kama moto unavyotambaa kwenye nyasi kavu.

Nimefanya kazi hii kwa muda, na swali ninaloulizwa zaidi ni "niweke kijazo kiasi gani?", yaani unga au nyuzi zinazochanganywa na monoma. Mimi huuliza kwanza: kijazo chako kinalifanyia nini joto?

Kaolini na talki, ambazo ni unga wa madini, zinalila joto hilo. Zenyewe hazitoi joto, ila lazima zipashwe, na tena zimechukua nafasi ya monoma. Wimbi linapoa, linapunguza mwendo, na ukizidisha linazimika njiani. Kwa hiyo ongeza kidogo kidogo, kwa uzito, wala si kwa kijiko. Chora alama kila sentimita kwenye mrija, shika saa, na uzamishe termokapo (kipimajoto cha waya) katikati. Jaribio la kwanza liwe bila kijazo, la sivyo utalinganisha na nini?

Nyuzi za kaboni ni habari nyingine. Zinapeleka joto mbele ya wimbi, kwa hiyo zinaweza kuliongezea kasi badala ya kulipunguza.

Silika laini sana mimi naipenda kwa sababu inaongeza mnato, yaani ugumu wa kimiminika kutiririka. Polima ya moto ikiwa nzito kuliko monoma iliyo chini yake, na bado ni laini, inazama vidolevidole na kulivuruga wimbi. Asilimia chache za silika hukituliza kimiminika.

Sasa mapovu. Monoma za akrilati zenye peroksidi (aina ya kianzilishi) zinaweza kufikisha nyuzi 200 za Selsiasi, na maji huchemka kwenye 100. Kaolini yenye unyevu itakupa sponji, basi ikaushe kwenye oveni na uiache ipoe kwenye chombo kilichofungwa. Mapovu yakibaki hata hivyo, chunguza kianzilishi: peroksidi nyingi hutoa gesi zinapovunjika.

Amini, kemikali zenye nitrojeni, ziogope zaidi ya vijazo vyote. Huharakisha kuvunjika kwa peroksidi, na mchanganyiko unaweza kuwaka ukiwa bado kwenye kopo. Changanya gramu chache tu, chini ya kifyonza hewa, miwani usoni.