Mfumo mpya, programu-jalizi ya zamani: jibu kwa mwenye duka la vipuri Mwembe Tayari

Salaam aleikum ndugu. Kwa faida ya wanaoingia sasa, nitaanza kwa kueleza swali lako jinsi nilivyolielewa. Kompyuta ya duka ilikuwa na Windows 7. Fundi wa mtaani akaihamishia Windows 10 kwa flashi diski yake. Baadaye ukafungua Control Panel ukaikuta alama ya Flash Player, ile programu ya kampuni ya Adobe iliyokuwa ikionyesha video na michezo katika kurasa za tovuti, ilhali ulikwisha kusikia kwamba programu hiyo ilisitishwa mwishoni mwa mwaka 2020. Unauliza iwapo fundi amekupachikia kirusi, na kama si kirusi, inawezekanaje mfumo mpya ukaja na kitu ambacho aliyekiunda mwenyewe amekwisha kukizika. Wachangiaji wawili waliotangulia wamekushauri uifute kompyuta yote na kuhamia Linux, ushauri ambao unaweza kuwa na mahali pake lakini haujibu ulichouliza.

Fundi hakukuwekea kirusi. Aliyeiweka Flash Player ndani ya Windows 10 ni Microsoft wenyewe. Kuanzia Windows 8, iliyoingia sokoni tarehe 26 Oktoba 2012, programu-jalizi hiyo (yaani programu ndogo inayochomekwa ndani ya kivinjari ili kukiongezea uwezo) haikuhitaji tena kupakuliwa kutoka kwa Adobe, kwa sababu ilikuja imeshonwa ndani ya Internet Explorer, na Windows 10 ilipotoka ikashonwa vilevile ndani ya kivinjari cha Edge cha wakati ule. Mtumiaji hakuombwa ruhusa wala hakupewa kitufe cha kuiondoa. Adobe walitangaza Julai 2017 kwamba wangeiacha ifikapo tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 matoleo ya mwisho ya Flash Player yalianza kukataa kuonyesha chochote. Microsoft nao walitoa sasisho la kuing'oa, lenye namba KB4577586, mnamo Oktoba 2020, na katika mwaka 2021 wakaliingiza ndani ya masasisho ya kawaida ya kila mwezi. Toleo la Windows 10 liitwalo 21H1 na yale yaliyolifuata hayana Flash tena.

Kwa hiyo jambo la kuulizwa ni lini flashi diski ya fundi ilitengenezwa. Kama aliitengeneza mwaka 2019, basi alichokuwekea ni Windows ya mwaka 2019, pamoja na kila kilichokuwa ndani yake siku ile, hata kama kazi yenyewe imefanyika juzi. Jina kwenye skrini ni lilelile, Windows 10, na rangi ni zilezile, wala hakuna mahali ambapo mteja ataambiwa kuwa mfumo aliowekewa leo una umri wa miaka kadhaa. Nakushauri ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi R, uandike winver, kisha usome namba ya toleo itakayojitokeza. Ikiwa ni 1809, 1903, 1909 au 2004, utakuwa umepata jibu lako.

Sipendi kumlaumu fundi moja kwa moja, maana naifahamu kazi hiyo. Nimekuwa nikitengeneza kompyuta hapa Mombasa tangu siku ambazo ukanda wetu wote wa pwani ulitegemea setilaiti kupata intaneti, na kupakua faili kubwa lilikuwa jambo la kuacha mashine ikifanya kazi usiku kucha huku ukiomba umeme usikatike. Kebo za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika nchi kavu hapa Mombasa mwaka 2009, na bei na kasi zikabadilika polepole baada ya hapo. Kilichosalia ni mazoea: faili la Windows 10 lina ukubwa unaozidi gigabaiti 4, na fundi anayetumia bando la simu hawezi kulipakua upya kwa kila mteja, hivyo hulipakua mara moja, akalinakili, akampa mwenzake, na mwenzake akampa wa tatu. Flashi diski moja huzunguka kutoka Bondeni hadi Likoni na kurudi, nayo haizeeki kwa macho.

Hata hivyo, tatizo hili lisingekwisha kama kila mtu angekuwa na intaneti ya kasi, kwa sababu makampuni makubwa yenyewe yamelifanya. Mfano ulionifundisha zaidi ni wa Mac. Tarehe 28 Agosti 2009 Apple walitoa Mac OS X 10.6, iliyoitwa Snow Leopard, kwenye diski iliyouzwa dola 29. Wakati huo nilikuwa nikihudumia kompyuta za kiwanda kidogo cha uchapaji katika Mji wa Kale, ambako kazi zote za kadi za harusi na mabango zilitengenezwa kwa Mac. Adobe walikuwa wametoa Flash Player 10.0.32.18 tarehe 30 Julai, ili kuziba matundu ya usalama ambayo baadhi yake yalikuwa yameshaanza kutumiwa na wahalifu, na mashine za pale nilikuwa nimezisasisha zote. Snow Leopard ilipowekwa, Flash Player ikarudi nyuma hadi 10.0.23.1. Mfumo haukuuliza, haukuonya, na baada ya kumaliza haukusema kwamba umekuta toleo jipya zaidi na kuliondoa.

Niliyaona hayo kwa sababu nilikuwa na desturi ya kuandika namba za matoleo katika daftari kabla na baada ya kazi kubwa. Mwenye kiwanda asingeweza kuyajua, maana video zilicheza kama kawaida na kila kitu kilionekana kipya. Ndipo palipo na hatari: programu-jalizi iliyoharibika hulalamika, lakini iliyopitwa na wakati hufanya kazi vizuri kabisa, tena humfanyia kazi mgeni vilevile inavyomfanyia mwenyeji. Ni sawa na kukabidhiwa nyumba iliyopakwa rangi upya huku mlangoni pakiwa na kufuli ambalo nakala za funguo zake zimekwisha sambaa mtaani.

Apple walirekebisha haraka, kwani toleo 10.6.1 la tarehe 10 Septemba 2009 lilikuja na 10.0.32.18. Mozilla nao, katika kivinjari chao cha Firefox 3.5.3 iliyotoka siku hizohizo, waliweka ukaguzi uliomwonya mtumiaji kwamba Flash Player yake ni ya zamani na kumwonyesha mahali pa kupata mpya. Ninautaja ukaguzi ule kwa sababu ulikuwa wa busara: kivinjari kilikubali kuwa mlango huu si wake, lakini kwa kuwa wezi hupitia humo kuingia nyumbani kwake, kikaona heri kiukague chenyewe.

Sababu ya kiufundi ni nyepesi kuieleza. Mfumo endeshi hufungwa wiki kadhaa kabla ya siku ya kuuzwa, ili upimwe na diski zichapwe, na kila kilichoingizwa ndani yake hubaki kama kilivyokuwa siku ile ya kufungwa. Programu-jalizi, kwa upande wake, ni mali ya kampuni nyingine yenye ratiba yake, nayo hutoa marekebisho kila tundu linapogunduliwa. Ratiba hizi mbili hazikutani. Kisakinishi cha mfumo kikiwa kimeandikwa kuweka faili zake mahali pake bila kulinganisha namba za matoleo, basi cha zamani hukalia cha sasa.

Windows 8 ilionyesha jambo hilohilo kwa sura nyingine. Mfumo ulifungwa mwanzoni mwa Agosti 2012, Adobe wakatoa marekebisho ya Flash baadaye mwezi huohuo, na Microsoft wakasema kwanza kwamba watumiaji wa Windows 8 wangeyapata siku ya uzinduzi, Oktoba. Watu walilalamika, nao wakabadili msimamo na kulitoa sasisho tarehe 21 Septemba. Kwa kuwa Flash ilikuwa imeshonwa ndani ya Internet Explorer, aliyekuwa na haraka asingeweza kwenda kwa Adobe na kujichukulia mwenyewe, ilimbidi asubiri.

Kisa kizito kuliko vyote ni cha Java kwenye Mac. Java ni programu inayowezesha programu nyingine kufanya kazi, zikiwemo zile za ndani ya kurasa za tovuti, na Apple walikuwa wakiisambaza wao wenyewe badala ya kuwaachia wenye Java, kampuni ya Oracle. Oracle walipoziba tundu fulani katikati ya Februari 2012, watumiaji wa Windows walipata dawa siku zilezile, lakini wa Mac walisubiri hadi tarehe 3 Aprili. Katika pengo hilo kirusi kiitwacho Flashback kiliingia katika kompyuta za Mac zinazokadiriwa kufika 600,000, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wamefungua tu ukurasa wa tovuti. Nakumbuka wateja waliokuwa wakiniambia kwa uhakika kwamba Mac haipati virusi. Baada ya Aprili ile maneno hayo yalipungua.

Java ina ubaya wake mwingine, ambao mafundi wa hapa mjini tunaujua kutokana na ofisi za uwakala wa forodha na usafirishaji. Mifumo mingi ya kazi ilidai toleo fulani la Java na kukataa lililo jipya zaidi, kwa hiyo mashine moja ingeweza kuwa na matoleo kadhaa yaliyolala pamoja, kila moja likiwa limewekwa na fundi wake. Na hata pasipokuwa na sharti hilo, kisakinishi cha Java kwa miaka mingi kiliweka kipya bila kuondoa vyote vya nyuma. Jambo hilo liliifikisha Oracle mbele ya Tume ya Biashara ya Marekani, ikakubaliana nayo Desemba 2015 kuwaonya watumiaji na kuwarahisishia kuyafuta. Ukikutana na kompyuta ya ofisi ya aina hiyo, itazame orodha ya programu kwa makini kabla ya kuamini kuwa iko salama kwa kuwa Java ya juu kabisa ni mpya.

Sitaki mtu aelewe kwamba kufungasha programu-jalizi pamoja na mfumo au kivinjari ni kosa kwa kila hali. Google walianza kuiweka Flash ndani ya Chrome mwaka 2010, na mimi niliwashauri wateja wangu wengi waitumie Chrome kwa sababu hiyohiyo, maana kivinjari kilijisasisha chenyewe kimyakimya pamoja na Flash yake, na mwenye duka hakuhitaji kukumbuka chochote. Anayefungasha akibeba pia jukumu la kusasisha kwa wakati, mteja hufaidika. Akifungasha halafu akaondoka, mteja hubaki na mzigo ambao hajui kama anao. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha haki, na kwa kipimo hiki flashi diski ya fundi wako inaanguka, kwani hakuna anayeisasisha.

Sasa tuje kwenye kompyuta yako. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao uangalie kama intaneti unayotumia imewekwa alama ya kuwa ni ya kulipia kwa kipimo (metered connection). Wengi wanaotumia intaneti ya simu huwekewa alama hiyo na fundi ili bando lisiliwe, na Windows ikiiona huacha kupakua sehemu kubwa ya masasisho, likiwemo hilo la kuing'oa Flash. Iondoe, hata kama ni kwa usiku mmoja ukiwa na intaneti isiyohesabiwa, kisha uruhusu Windows Update ifanye kazi, uwashe upya, na urudie mpaka isiwe na cha kuleta. Toleo la mwisho la Windows 10 ni 22H2, na ndilo unalopaswa kulifikia. Kumbuka pia kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama mashine yako inakubali Windows 11 ni bora uhamie huko, na mwambie fundi atengeneze kisakinishi kipya kutoka tovuti ya Microsoft mbele yako.

Sasisho la Microsoft huondoa ile Flash iliyokuja na Windows peke yake. Kama kuna mtu aliyepakua Flash Player kwa mkono, labda kwa ajili ya mchezo wa watoto, hiyo haitaguswa, na itakubidi uifute mwenyewe katika orodha ya programu. Sasisho lenyewe likishaingia haliwezi kuondolewa, na usikubali mtu akuletee Flash ya zamani iliyochezewa ili ifungue kurasa.

Umetaja pia mashine ya kurekodi kamera za dukani, ambayo ukurasa wake ulifunguka katika Internet Explorer tu. Hiyo haitumii Flash, inatumia ActiveX, ambayo ni programu-jalizi ya ukoo mwingine, na Internet Explorer ilizimwa kabisa kwenye Windows 10 Februari 2023. Edge ina hali maalumu ya kufungua kurasa za namna hiyo, na Microsoft wameahidi kuidumisha angalau hadi 2029. Iwashe kwa anwani ya mashine hiyo peke yake. Kama mtengenezaji wa kamera ana programu yake ya kompyuta au ya simu, itumie hiyo badala yake.

Ukimaliza, ifungue folda ya System32 ndani ya Windows, utafute humo folda iitwayo Macromed. Ikiwa bado ina faili za Flash, weka hapa namba uliyoisoma kwenye winver na uniambie kama kuna Flash iliyowekwa kwa mkono, nami nitakueleza hatua inayofuata.