Mgeni akisema "wara", mpelekee maji

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhudumu katika hoteli moja huku Capri Point, Mwanza. Juzi mgeni Mmarekani aliniambia kitu kama "wara", nikadhani anataka kuagiza chakula, nikampelekea menyu. Kumbe alitaka maji! Shuleni tulifundishwa "wota". Je, tulifundishwa vibaya? Na nitamkeje ili Mmarekani na Mwingereza wote wanielewe?

JIBU: Marahaba. Hamkufundishwa vibaya hata kidogo. "Wota" yetu inafuata Kiingereza cha Uingereza, na wageni wengi wataielewa. Kilichokuponza ni kwamba ulikuwa unaisubiri t, na Mmarekani hapo hana t ya kukupa.

Tamka "mara" polepole, usiiburuze r. Ncha ya ulimi imegusa ufizi wa juu mara moja tu, ikaondoka. Basi Mmarekani anapotamka "water" hufanya hivyo hivyo kwenye ile t. Kwa hiyo ulisikia sawasawa kabisa. Sikio lako la Kiswahili liliipa sauti ile jina lake. Vokali ya kwanza naye huielekeza kwenye a, ndiyo maana hukusikia "wo". Kisha mwishoni anatia r nyingine, na hii Kiswahili hatuna: ulimi unajikunja nyuma bila kugusa popote.

Usije ukadhani kila t yao hulegea hivyo. Hulegea ikiwa kati ya vokali na silabi inayofuata haina mkazo. Ndiyo maana "city" kwao ni kama "siri", lakini "hotel" inabaki na t yake kamili, kwa sababu mkazo uko mwishoni. Ukimsikia mtu anaiga Kimarekani kwa kusema "horel", mwambie apumzike.

Mwingereza wa kusini, yule wa lafudhi ya watangazaji, husema "woota": midomo ya mviringo, o ndefu, t kavu yenye pumzi, na r ya mwisho hana. Lakini neno linalofuata likianza na vokali, r hiyo hufufuka: "water is" huwa "wootariz". Mskoti yeye huitamka r wakati wote.

Wa kukutesa zaidi ni kijana wa London. Huyo t huimeza kabisa, koo linajifunga kidogo katikati ya neno: "wo-a". Unaijua sauti hiyo. Mtoto akikatazwa kushika sufuria ya moto, mama husema "a-a!" Ule mkato katikati ndiyo t ya kijana huyo.

Sasa ulimi wako. Mimi ningekushauri ubaki na "wota", ila uvute o kidogo. Ukitaka kujaribu Kimarekani, na umekulia Kisukuma kama wengi wetu huku, angalia r isigeuke l, maana "wala" haitakufikisha popote. Jaribu d nyepesi: "wada". Iko karibu kabisa.

Zoezi la sikio lina faida zaidi. Chukua maneno ya kazini, "bottle of water". Kwa Mmarekani utasikia takriban "baralawara", yote kwa pumzi moja. Kwa Mwingereza, "botolovwoota". Yarudie mpaka yote mawili yakuletee picha ya chupa bila kufikiri.

Na ukiwa unahudumia meza za nje, upepo wa ziwa unavuma, mgeni hakusikii, achana na lafudhi za watu: kaza t, vuta o. Asipoelewa bado, inua chupa. Mimi nafundisha lugha hii, na chupa huwa nainua.