Cheti cha Linux kinakaribia kuisha muda, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo kaka. Natunza seva za ofisi moja hapa Tanga. Cheti changu cha RHCSA (cha msimamizi wa mifumo ya Linux, kinachotolewa na Red Hat) nilikipata kwa toleo la Red Hat 8 na muda wake unaisha miezi michache ijayo. Nirudie kitabu chote tangu mwanzo? – Msomaji, Ngamiani

JIBU: Marahaba. Kitabu kiache kabatini kwanza. RHCSA hudumu miaka 3. Ili kuihuisha, unarudia EX200, mtihani wake, au unafaulu mtihani wa juu yake. EX200 hauna maswali ya kuchagua. Unakabidhiwa mashine na kazi, intaneti hakuna, msaada wako ni kurasa za man, yaani maelezo ya amri yaliyomo ndani ya mashine yenyewe. Kufaulu ni alama 210 kati ya 300.

Shida yetu sisi wa kazini ni kwamba seva ikishatulia hatuigusi. Mara ya mwisho umegawa diski lini? Mtihani unataka hayo hasa, tena yabaki yamesimama baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa.

Chukua `/etc/fstab`, faili linaloiambia mashine ipachike diski zipi inapowaka. Ukikosea herufi moja ya UUID (kitambulisho cha diski), mashine haiwaki vizuri. Inaishia hali ya dharura, inakudai nenosiri la root. Kwa hiyo kila ukigusa faili hilo, piga `findmnt --verify`, kisha `mount -a`, na `swapon -a` kama umeongeza swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM). Zikipita bila lalamiko, ndipo uwashe upya.

Halafu hamishia httpd, programu ya seva ya wavuti, kwenye poti 82. Itagoma kuwaka, na wengi hukimbilia kuzima SELinux, ulinzi wa Linux unaoizuia poti hiyo. Ofisini utasalimika, kwenye mtihani hapana. Dawa ni `semanage port -a -t http_port_t -p tcp 82`, kisha fungua ukuta wa moto kwa `firewall-cmd --permanent --add-port=82/tcp`, kisha `firewall-cmd --reload`. Usisahau `systemctl enable --now httpd`, ili iwake sasa na kila mashine ikiwashwa.

Mtandao uupange kwa amri ya `nmcli`. Tangu toleo la 9, miunganisho mipya huhifadhiwa `/etc/NetworkManager/system-connections`, si `/etc/sysconfig/network-scripts` ulikozoea.

Mazoezi hayahitaji seva. Laptopu ya RAM GB 8 inabeba mashine pepe mbili za Rocky au AlmaLinux, Linux zinazofanana na Red Hat, zote za bure. Pakua ile ISO ya DVD kwa bando la usiku, uitumie hiyo hiyo kama hazina ya dnf, amri ya kusakinisha programu. Kuiunganisha nako ni zoezi. Umeme ukikatika katikati, usinung'unike: ukirudi utajua kazi yako imeshika au la.

Red Hat 10 ilitoka 2025, hivyo kabla ya kulipa hakikisha mtihani wako ni wa toleo lipi, na mazoezi yote yawe ya toleo hilo.