Mwanangu yuko Nanjing, anataka kurudi Wete

SWALI: Assalamu alaykum Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watano, nakaa Wete. Mwanangu wa tatu, miaka 19, amepata nafasi ya kusoma uhandisi China kwa udhamini wa serikali ya huko. Nauli tuliipata kwa karafuu. Amefika tarehe 3 Septemba, mji unaitwa Nanjing, na mwaka huu wote anasoma Kichina tu. Siku za mwanzo alikuwa akipiga simu na kucheka. Sasa WhatsApp haimpati. Tukimpata kwa njia nyengine, baada ya Isha, ananong'ona "sijambo mama", basi, na chumba kiza. Juzi alilia. Anasema chakula cha chuo hali kwa kuogopa nguruwe, anakula biskuti na ndizi. Wamemtoa damu, wamempiga picha ya kifua, na pasipoti yake wameichukua, sijui ana maradhi au ana kosa. Ami yake anasema tuchange nauli arudi kabla hajapoteza na dini yake. Baba yake kanyamaza. Nifanye nini? — Mama wa Wete

JIBU: Wa alaykum salaam, dada. Wewe nilikujibu kwa simu siku ile ile barua iliponifikia, kwa sababu mambo ya mwanao yalikuwa na tarehe zake na gazeti hutoka mara moja kwa mwezi. Hapa nawaandikia wazazi wengine wa Unguja na Pemba ambao watoto wao wameondoka Septemba hii, na namwandikia ami yake, ambaye uliniambia husoma safu hii.

Ami, nakuomba msimrudishe. Nimesoma Nanjing kabla sijaanza kufundisha, na wiki hizi anazopitia kijana wenu nazijua. Sikuombi kwa kuwa elimu ni jambo jema, hilo unalijua kuliko mimi. Nakuomba kwa ajili ya makaratasi kwanza, halafu kwa ajili ya tumbo lake.

Viza aliyoingilia inaitwa X1, ya wanaosoma zaidi ya siku 180, na kwa kawaida inaruhusu kuingia mara moja tu. Ndani ya siku 30 tangu kufika, mwanafunzi anatakiwa apeleke maombi ya hati ya ukaazi kwenye ofisi ya polisi inayoshughulikia wageni. Hati hiyo ndiyo itakayomruhusu kutoka na kuingia China muda wote inapokuwa hai. Akipanda ndege kabla hajaipata, viza imekwisha, na akitaka kurudi darasani ataanza maombi upya kama mtu asiyewahi kwenda. Kwa hiyo nauli mtakayochanga ni ya kumtoa, wala hamna hakika ya kumrudisha.

Damu na picha ya kifua ni uchunguzi wa afya unaotakiwa kwa ajili ya hati hiyo hiyo. Hata aliyekwenda na fomu ya daktari wa kwao, fomu hukaguliwa na mara nyingi mtu hupimwa tena. Hana maradhi. Na pasipoti haikuchukuliwa kwa kosa: inabaki ofisini wakati hati inatengenezwa, na mwenyewe hupewa risiti. Nimemuuliza, anayo. Nimemwambia asiiache chumbani, kwa kuwa kwa sasa ndiyo kitambulisho chake.

Wazazi wengine nawataka mhesabu siku. Tarehe 1 Oktoba ni sikukuu ya taifa la China na ofisi hufungwa karibu wiki nzima. Aliyeingia tarehe 3 Septemba, siku zake 30 zinamalizikia ndani ya sikukuu hiyo. Chuo cha mwanao kiliwapeleka mapema, alhamdulillahi, lakini mwanafunzi asikae akisubiri kupelekwa. Aulize mwenyewe katika wiki ya kwanza. Jengine: akilala nje ya dahalia, kwa rafiki au kwa mtu wa nyumbani aliyepanga mjini, sheria inamtaka aandikishwe kituo cha polisi cha mtaa ule ndani ya saa 24. Watoto wetu hili hulisahau kwa sababu kwetu kulala kwa ndugu hakuulizwi na mtu.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo, maana nadhani kilio chake kimeanzia hapa.

Kuogopa kwake kuna msingi. Nguruwe ni nyama ya kawaida mno kule, na mafuta yake huingia hata ndani ya chakula ambacho ukikitazama ni mboga tupu. Keki za mwezi wanazopeana kwenye sikukuu ya katikati ya vuli, nyingi za kienyeji unga wake umekandwa kwa mafuta hayo. Na Nanjing penyewe wana supu maarufu ya tambi, inauzwa kila pembe, yenye damu ya bata iliyogandishwa ikakatwa vipande. Mgeni huona vipande vyeusi akadhani ni maini. Mwanao alifanya vyema kusitasita.

Lakini kukaa na biskuti hakukuwa lazima. Vyuo vingi vikubwa vya China vina mkahawa wa Waislamu, au angalau dirisha lake, kwa sababu wana wanafunzi wao wenyewe Waislamu, Wahui na Wauighur. Mkahawa huo katika chuo cha mwanao upo ghorofa ya juu ya mkahawa mwengine, na kibao kimeandikwa kwa Kichina. Kapita chini yake kila siku. Nilimtumia picha ya maandishi mawili, 清真, yaani chakula cha Waislamu, nikamwambia atembee chuo kizima ayatafute, na jioni yake alikula wali na nyama ya ng'ombe. Maandishi hayo hayo atayaona mitaani kwenye vibao, mara nyingi vya kijani na pengine na Kiarabu pembeni, kwenye vijiduka vya tambi za Lanzhou. Wenyewe aghalabu ni Wahui kutoka mikoa ya Qinghai na Gansu. Unga unavutwa kwa mikono mbele yako mpaka unakuwa nyuzi, unatiwa kwenye supu ya ng'ombe, na pilipili ipo mezani. Mtoto wa Pemba akishaijua njia ya duka hilo, hafi njaa.

Kisa cha pili ni saa, na hiki hata mwenyewe alikuwa hajakigundua. Huku kwetu mtu hula cha mchana saa nane, cha usiku baada ya Isha. Kule mikahawa ya vyuo hupakua cha mchana kuanzia saa tano hadi saa saba, na cha jioni kuanzia saa kumi na moja. Kijana wenu akitoka darasani analala kwanza, anashuka saa nane, anakuta wanaosha sufuria. Anarudi saa mbili usiku, vivyo hivyo. Akadhani wanamnyima. Kwa umri wake, mwenye njaa siku nzima na asiyefahamu anachoambiwa, kulia si udhaifu, na nakuomba baba yake asikae kimya juu ya hilo. Amwambie yeye mwenyewe kwamba hakuaibisha mtu.

Kuhusu kutofahamu. Huyu, kwa maneno yako, ni mtoto wa maneno mengi, anayetania mpaka wauza samaki wa bandarini. Umempeleka mahali ambapo hawezi kuomba chumvi. Mwaka wa Kichina ni mzito, na wiki ya tatu au ya nne ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa ugeni wa kupiga picha majengo umekwisha na lugha bado haijaingia. Usimuulize "umejifunza nini?" Muulize leo kanunua nini na kakisemea vipi. Nambari, bei, majina ya vyakula, kushoto na kulia: haya yakikaa mdomoni, mengine hufuata. Na awe na karatasi yenye anwani ya chuo kwa maandishi ya Kichina, amwoneshe dereva wa teksi. Simu huzima chaji.

Simu zenu sasa. WhatsApp imefungiwa China, pamoja na Facebook, Instagram na Google, hivyo hakukukimbia. Weka WeChat kwenye simu yako, inafanya kazi Wete kama kawaida. Wakati mwengine programu humtaka mtu mwenye akaunti ya zamani akuthibitishe, tafuta mfanyabiashara yeyote anayekwenda China atakusaidia. Kisha tazama saa unayompigia. China yote inafuata saa moja, na wametutangulia saa tano. Ukimpigia saa mbili usiku baada ya Isha, kwake ni saa saba usiku, wenzake wamelala, taa zimezimwa. Ndiyo maana ananong'ona, na ndiyo maana chumba kiza. Mpigie saa nane mchana ukishasali Adhuhuri: kwake ni saa moja usiku, keshakula, anaweza kutoka nje akazungumza. Tangu ubadilishe umeniambia amecheka tena, na mimi sikushangaa.

Dini yake, ami. Nanjing si mji usioujua Uislamu. Admirali Zheng He, aliyeongoza merikebu za China mpaka pwani yetu hii ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 15, alikuwa mtoto wa nyumba ya Kiislamu, na merikebu zake kubwa ziliundwa Nanjing. Msikiti wa Jingjue asili yake ni enzi ile ile ya Zheng He, ya wafalme wa Ming, na leo ataufikia kwa treni ya chini ya ardhi, laini namba 1, akashuka Sanshanjie. Wazee wa pale watamwangalia, watatabasamu, watasema salamu yake. Ila ajue kanuni moja: ndani ya vyuo vya China hairuhusiwi kukusanyika kwa ibada wala kuhubiri. Sala tano asali chumbani mwake, peke yake, bila kuitisha jamaa ukumbini. Ijumaa aende mjini, na kama ana kipindi, azungumze na mwalimu mapema badala ya kutoroka. Nyakati pia zitamchanganya. Sisi Magharibi yetu haisogei sana mwaka mzima, lakini kule mwezi wa Disemba jua linazama kiasi cha saa kumi na moja jioni. Awe na ratiba ya mji ule, si ya Pemba.

Utakapokuja huo mwezi wa Disemba, kuna jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Serikali ya China hupasha joto nyumba za kaskazini kwa mabomba, lakini mpaka wake ni mto Huai, na Nanjing iko kusini ya mto. Baridi ya Januari huko ni wastani wa nyuzi tatu hivi, usiku hushuka chini ya sifuri, na ndani ya jengo huwa karibu sawa na nje. Alipofika Septemba alikuta joto la kutoa jasho, kwa hivyo akadhani habari za baridi ni maneno ya watu. Msimtumie koti la mtumba la Darajani. Koti zuri na nguo za ndani za joto atazipata huko huko kwa bei nafuu, na anunue Oktoba.

Na ile wiki ya sikukuu ya Oktoba, wenzake wengi Wachina huenda kwao, chuo hubaki karibu kitupu. Wiki hiyo mpigieni kila siku, mmoja mmoja, hata bibi yake.

Neno la mwisho kwako, dada. Ukipita Mkoani, Hospitali ya Abdulla Mzee, utawakuta madaktari wa Kichina. Wanatoka Jiangsu, mkoa ambao mji wake mkuu ndiyo hiyo Nanjing, na timu zao zimekuwa zikija Zanzibar tangu mwaka 1964. Nao wameacha watoto na mama zao. Nenda kawasalimie, waambie mwanao yuko kwao. Atakayekufahamu atakueleza mji ule vizuri kuliko mimi.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mtoto wa Jang'ombe, niko Guangzhou, mwezi wa kwanza. Kuna mfanyabiashara wa kwetu anataka nimfuate madukani awe na mtu wa kumsemea, siku za darasa, na atanilipa. Mjomba naye anataka nimnunulie simu kwa posho yangu, atanirudishia. Nawaonea haya. — Mwanafunzi, Guangzhou

JIBU: Mwanangu, wa kwanza mkatalie leo. Mwanafunzi mgeni China hafanyi kazi ya malipo bila kibali cha chuo na maandishi kwenye hati yake ya ukaazi. Sheria yao inatoza faini ya kuanzia yuan 5,000 hadi 20,000 kwa anayefanya kazi bila ruhusa, na kosa likiwa zito mtu huwekwa ndani siku tano hadi 15. Na hata kama hakuna atakayekuona, mahudhurio yako yanaandikwa kila kipindi, na chuo huyatazama hati inapotaka kurefushwa. Mwambie mfanyabiashara huyo kwamba maeneo ya Xiaobei, hapo hapo Guangzhou, Waafrika wanaofanya biashara ni wengi, na wakalimani wanaoruhusiwa kufanya kazi hiyo hawakosekani. Akitaka kula nawe Jumamosi jioni, nenda, yeye ni mtu wa nyumbani na utafurahi.

Mjomba mjibu wewe mwenyewe, kwa sauti yako, usimtume mama yako. Mtajie hesabu bila kuficha: posho ya udhamini wa serikali kwa shahada ya kwanza ni yuan 2,500 kwa mwezi, ndiyo chakula, laini ya simu, vitabu na koti la baridi. Akitaka simu, atume fedha kwanza kupitia mtu anayekuja Guangzhou, na mtu huyo huyo ndiye arudi nayo.