Maswali ya Wasomaji: Taa ya Jukwaa ya Mtumba

SWALI: Nafunga taa kwenye harusi na matamasha. Nimepata mbili za mtumba kutoka Marekani, za kichwa kinachozunguka na mwanga mpana, balbu ya gesi ya wati 575. Muuzaji aliziwasha dakika mbili, zikacheza vizuri. Nizichukue? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Usilipe bado. Balbu ya gesi huhitaji dakika kadhaa hata kufikia mwanga wake kamili, na magonjwa mengi ya taa hizi hujitokeza zikishapata moto.

Anza na umeme. Marekani umeme ni hezi 60 (mizunguko kwa sekunde), huku kwetu 50. Kama balasti, yaani kifaa kinachodhibiti umeme wa balbu, ni ile nzito ya koili na chuma, hapo ndipo penye hatari: hezi zikishuka, uwezo wa koili kuzuia umeme hupungua, na balbu inaweza kupokea mkondo uliozidi kwa karibu asilimia 20. Balbu itakufa mapema na balasti inaweza kuungua. Chomoa taa, iache ipoe, na usiguse kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme), kwani hubaki na chaji. Fungua kifuniko cha kitako uangalie nyaya za balasti na transfoma zimefungwa kwenye tepu zipi, yaani vituo vya kuunganishia vya volti na hezi tofauti. Kama ipo iliyoandikwa volti 230, hezi 50, fundi atahamisha nyaya tu. Kama haipo, achana na taa hiyo. Balasti ya elektroniki haina shida hii, mradi kibandiko kikubali volti 230.

Taa ikiwa bado imechomolewa, legeza vifungio vya safari na uzungushe kichwa kwa mkono, pande zote. Kikikwaruza, ni beringi. Kikirukaruka, mkanda umelegea au umelika meno. Sasa washa na uache ijipange yenyewe. Ikigongagonga kwenye ukomo bila kupata mahali pake, kagua sensa na ile sumaku ndogo inayosomwa nayo.

Kwenye menyu kuna saa za balbu na saa za mashine. Za balbu hurudishwa sifuri kwa vitufe tu, kwa hiyo amini zaidi za mashine. Balbu ya aina ya MSD 575 imekadiriwa takriban saa 3000, MSR 575/2 saa 1000. Ikipitisha muda wake, kioo huvimba na kinaweza kupasuka ndani ya taa, kikaharibu na kiakisi. Balbu mpya iingie kwenye hesabu yako ya bei.

Kisha ziwashe zote mbili kwa dakika 45, zikimulika ukuta mweupe sambamba. Piga sayani (samawati) peke yake, kisha majenta (waridi iliyokolea), kisha njano. Nusu kwanza, halafu kamili. Moja ikipauka kuliko mwenzake, vioo vyake vya rangi vimepasuka au vimeungua. Ondoa rangi zote: nyeupe yenye unjano pembeni maana yake kioo cha njano hakirudi chote. Tia alama ukutani, peleka kichwa hapo, kizungushe kwa kasi dakika chache, kirudishe. Kisipofika kwenye alama, mota inapoteza hatua ikiwa ya moto, na hilo ndilo litakaloharibu kazi yako katikati ya onyesho.

Mwisho zima balbu na ujaribu kuiwasha tena. Ikigoma kwa dakika nane au kumi si ubovu, lazima ipoe. Ndiyo maana jenereta inayoyumba ni adui mkubwa wa taa hizi. Na kamwe usizipitishe kwenye dima, kifaa cha kupunguza mwanga. Zipe umeme wa moja kwa moja.

SWALI: Taa yangu ya mwisho kwenye mstari wa DMX (kebo ya kupeleka amri kwa taa) inatikisika bila kuamriwa. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Chukua plagi ya XLR, ile ya pini inayotumiwa kwenye kebo za DMX, unganisha rizista ya ohm 120 kati ya pini 2 na pini 3, uichomeke kwenye tundu la kutokea la taa hiyo. Isipotulia, angalia kebo: ya maikrofoni haifai kwa mstari mrefu, tafuta ya DMX. Zikizidi taa 32 kwenye mstari mmoja, weka kigawanyaji, kifaa kinachogawa mstari wa DMX.