Chonga kwenye sabuni kabla hujachora kwenye kompyuta

Mlango wa karakana tunayofanyia kazi hapa Ngamiani, Tanga, unazuiliwa usipigwe na upepo kwa kipande cha chuma kizito. Kilitakiwa kiwe mfuniko wa beringi wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Nilikichora mimi.

Mteja alifika asubuhi kutoka shambani na mchoro wa karatasi, akitaka kurudi jioni. Waja leo waondoka leo. Nikaupiga picha, nikauingiza kwenye kompyuta, nikafuatiliza mistari na kuiinua mpaka ikawa umbo lenye urefu, upana na kimo. Kwenye skrini lilipendeza kweli. Fundi akakata, akatoboa. Kumbe sikio la kufungia limekaa nyuma badala ya mbele, na kukigeuza hakusaidii, maana ukikigeuza matundu ya boliti nayo yanahama.

Mchoro ule ulikuwa wa mtindo wa Ulaya. Wazungu wa huko, kitu kikitazamwa kutoka juu, sura hiyo huchorwa chini ya sura ya mbele; kikitazamwa kutoka kushoto, huchorwa kulia. Wamarekani hufanya kinyume, na mimi nilijifunza kwa video zao. Ukichanganya mitindo hiyo miwili unapata kitu chenye vipimo sahihi vyote, ila ni kama kimetoka kwenye kioo. Karatasi yenyewe ilinionya: kwenye kisanduku cha maelezo palikuwa na koni iliyokatwa kichwa, pembeni yake miduara miwili. Mpangilio wake ndio unaokwambia mtindo gani umetumika. Mimi nilidhani ni nembo.

Siku hizi naanza na sabuni ya mche na kisu. Nachonga umbo, hata kama halina uzuri, kisha naligeuza mkononi na kulinganisha kila upande na karatasi. Likikubali, ndipo nafungua programu.

Na huko sifuatilizi picha tena. Karatasi hujikunja, kamera hupinda pembe. Fuata tarakimu zilizoandikwa, uchore upya. Natumia FreeCAD, ni ya bure. Vipimo vikitosha kuufunga mchoro usiyumbe, mistari inageuka kijani. Kitu cha duara kama puli, chora nusu ya ubavu wake tu, ukizungushe kwenye mhimili. Kona za mviringo ziache mwisho. Programu ikigoma kuinua umbo, tafuta mistari isiyogusana au mstari uliolaliwa na mwenzake. Na uliza mapema kama vipimo ni inchi au milimita: inchi moja ni milimita 25.4, na niliwahi kutoa puli ya kutosha kuwa kifungo cha shati.

Yule mteja alirudi. Safari hii nilimpa sabuni kwanza. Akaigeuza, akaipima kwa kidole, akasema, "Sikio ni hapo hapo, fundi." Ndipo tukawasha mashine.