Uliza Mwalimu: Mwandishi akiwa hewani, aulizwe amejuaje

Barua nyingi za safari hii zinahusu waandishi wa vitabu vya siasa na historia wanaoalikwa kwenye televisheni. Nimezisoma zote hapa Ngamiani, na nimefurahi kuona watu wa mkoa wetu wanavyolifuatilia jambo hili. Nilisomesha historia sekondari hapa Tanga mpaka nilipostaafu, na mahojiano ya namna hii nayapenda kweli. Mniwie radhi basi, majibu mawili yamekuwa marefu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Makorora. Nimepewa nafasi ya kuendesha kipindi cha vitabu kwenye televisheni ya mtandaoni. Mgeni wangu wa kwanza ameandika kitabu kuhusu vita vya Tanga vya 1914. Kitabu ni kinene, na mkubwa wangu wa kazi ananiambia nisome dibaji na jalada la nyuma tu, maswali atanitumia mwandishi mwenyewe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kisome chote, kalamu mkononi, mpaka tanbihi na orodha ya marejeo ya mwisho. Maswali aliyoyatunga mwandishi yapokee kwa adabu, kisha yaweke kando. Watazamaji wamekuja kukusikia wewe ukiuliza kwa niaba yao.

Nikupe mfano wa mtu aliyeifanya kazi hii kwa heshima kubwa. Marekani kuna mtandao wa televisheni unaoitwa C-SPAN, ulioanza 1979 kwa kuonyesha vikao vya Bunge lao. Mwanzilishi wake, Brian Lamb, aliendesha kipindi kilichoitwa Booknotes kuanzia Aprili 1989 hadi Desemba 2004. Kila Jumapili jioni, saa nzima, mwandishi mmoja na kitabu kimoja, bila tangazo la biashara. Walipita waandishi 800 na ushei, wengi wao wa siasa, historia na wasifu wa watu, na kanuni ilikuwa kwamba mwandishi akishakuja mara moja harudi tena. Lamb alivisoma vitabu hivyo mwenyewe. Nakala zake, zenye maandishi yake pembezoni mwa kurasa, zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha George Mason, Virginia.

Maswali yake yalikuwa mafupi mno. Umezaliwa wapi? Kitabu umemtabarukia nani? Picha ya jalada umeitoa wapi? Uliandikia wapi, kwa mkono au kwa kompyuta? Akishauliza, ananyamaza. Mwandishi aliyezoea kuhutubia anajikuta anasimulia alivyokaa kwenye chumba cha nyaraka, barua aliyoikuta, na mtu aliyekataa kuzungumza naye. Hapo mtazamaji anapata kile ambacho jalada la nyuma halina. Naamini kabisa kwamba maswali yote mazuri ya kumuuliza mwandishi wa historia yanatokana na swali moja: umejuaje?

Sasa tuje kwenye kitabu chako. Jeshi lililotoka India chini ya Waingereza, takriban watu 8,000, lilianza kushuka Raskazone usiku wa tarehe 2 Novemba 1914. Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000, sehemu kubwa askari Waafrika. Tarehe 4 wakapigana, tarehe 5 Waingereza wakarudi melini. Hayo kila kitabu kinayo, usiyapotezee muda. Muulize kuhusu nyuki. Kwamba nyuki waliwavamia wapiganaji ni jambo linalokubalika, lakini baadaye zikaenea habari kuwa Wajerumani waliitega mizinga ya nyuki makusudi. Mwandishi wako amesema nini? Ameitoa wapi? Ni ya mtu aliyekuwepo, au ya gazeti la mbali lililotaka sababu ya kushindwa?

Kisha angalia kama amemnukuu Richard Meinertzhagen. Huyu alikuwa ofisa wa upelelezi wa Waingereza, alikuwepo Tanga siku zile, na shajara yake imenukuliwa sana kwa sababu inasomeka kama hadithi. Lakini watafiti wa baadaye walimgundua kuwa mtu wa kughushi: ndege wa makumbusho aliodai amewakusanya yeye, kumbe wengine walikuwa wa wenzake, na katika shajara zipo kurasa zinazoonekana zilipigwa taipu upya miaka mingi baada ya matukio. Mwandishi aliyemtumia Meinertzhagen bila tahadhari anastahili kuulizwa, kwa upole na bila kuachiwa: umejuaje kwamba maneno haya yaliandikwa 1914?

Na la mwisho, ambalo mimi ningelianza nalo: watu wa mji walikuwa wapi siku ile? Wenye nyumba, wavuvi, wanawake waliokuwa na watoto. Vitabu vya vita hivi vimejaa majina ya makanali. Kama mwandishi hana jibu, kusema kwake "sikupata" ni habari muhimu kwa mtazamaji wa Tanga, maana huenda mtazamaji huyo ana bibi aliyesimuliwa.

Mkubwa wako akikulazimisha usome dibaji tu, mwambie kipindi kitoke mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki. Muda wa kusoma utapatikana.

SWALI: Kwa nini vipindi vyetu vya asubuhi vinampa mwandishi dakika nane, halafu mpishi wa keki anapata ishirini? Ni mimi wa Korogwe, naudhika.

JIBU: Kwa sababu matangazo ya biashara ndiyo yanayolipa mishahara, na keki inaonekana kwenye kioo, ila wazo halionekani. C-SPAN iliweza kutoa saa nzima kwa kuwa inalipiwa na kampuni za kebo, haitegemei matangazo. Lakini usikate tamaa na televisheni kwa jumla. Ufaransa, Bernard Pivot aliendesha kipindi cha vitabu kiitwacho Apostrophes kila Ijumaa usiku, kuanzia 1975 hadi 1990, kwenye chaneli kubwa ya taifa, na vitabu vilivyozungumzwa usiku ule viliuzwa kwa wingi madukani baadaye. Mtu wa kawaida hukaa akasikiliza akipewa mazungumzo yenye uhai. Waandikie wenye kituo, ukitaja jina la mwandishi unayetaka aalikwe. Barua ya kulaumu peke yake huishia droo.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama wa Pangani. Nilimwona mwandishi kwenye televisheni akisema Abushiri, yule aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani pwani yetu, alikuwa mfanyabiashara wa watumwa aliyepigana kulinda biashara yake, basi. Mtangazaji akaitikia kwa kichwa, wakaendelea. Babu yetu alitusimulia mengine: bendera, ushuru, Wajerumani kuingia msikitini na mbwa. Nimeumia. Nani mkweli?

JIBU: Pole sana, mama. Umeumia kwa haki, na wa kwanza wa kulaumiwa ni aliyeitikia kwa kichwa. Sentensi kama ile haipitishwi hivi hivi hewani.

Tuanze na lililo kweli katika maneno ya mwandishi. Abushiri bin Salim al-Harthi alikuwa na shamba la miwa karibu na Pangani, na mashamba ya miwa ya bonde lile yalilimwa na watumwa. Hilo tusilifiche. Anayewapenda wazee wake aweze kulitamka.

Lakini "basi" ya mwandishi ndiyo yenye kasoro. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar alitia saini mkataba uliowapa kampuni ya Wajerumani utawala wa pwani. Agosti kampuni ikaja kutwaa: ikatweka bendera yake, ikashika forodha, ikataka watu waandikishe ardhi zao. Pangani mwakilishi wake alikuwa Emil von Zelewski, na habari ya msikiti na mbwa aliyoisimulia babu yako imo pia katika maandishi ya wanahistoria. Waliosimama si Waarabu wenye mashamba peke yao. Walikuwemo watu wa mji, wapagazi, Wazigua waliotoka bara, na Saadani alikuwepo Bwana Heri, ambaye hakusalimu amri mpaka 1890, miezi kadhaa baada ya Abushiri kunyongwa hapo hapo Pangani, 15 Desemba 1889. Mwanahistoria Jonathon Glassman alichapisha mwaka 1995 utafiti mkubwa juu ya mji wenu unaoonyesha jinsi umati wa watu wa kawaida ulivyowasukuma hata wakubwa.

Kwa hiyo mtangazaji angeuliza, umejuaje kuwa ni biashara ya watumwa tu? Na hapo tungefika Berlin. Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alihitaji fedha za Bunge kuiokoa kampuni, na wabunge wengi hawakuwa na hamu ya kulipia makoloni. Kupiga vita utumwa kulikuwa hoja wasiyoweza kuikataa kwa urahisi. Mwisho wa Januari 1889 walipitisha marki milioni 2 kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani, Hermann Wissmann akaja na askari wa kukodi kutoka Misri na Msumbiji. Jina la "uasi wa Waarabu" lilienea kutoka huko. Anayelirudia leo bila kusema limetoka wapi anarudia hoja iliyotumika kuombea fedha.

Na upo ushahidi wa upande wetu ulioandikwa zama zile zile. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa pwani hii ya Tanga, alitunga utenzi mzima juu ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, yaani Wajerumani kuitawala pwani. Mwandishi yeyote anayezungumzia Abushiri aulizwe kama ameusoma. Akisema ameusoma, aulizwe alichokubali humo, alichokikataa, na sababu.

Masimulizi ya babu yako nayo yaulizwe hivyo hivyo, mama, bila kuyavunjia heshima. Yeye aliambiwa na nani? Huyo aliyemwambia alikuwepo? Ukiyajua hayo, yaandike, na jina la kijiji, kabla wajukuu hawajasahau. Siku mwandishi mwingine akija studio, mtangazaji wa Makorora aliyeniandikia hapo juu atakuwa na kitu cha kumwonyesha.

SWALI: Natoka Muheza, kazi yangu bodaboda. Vitabu vya siasa zetu vingi ni vya Kiingereza na bei kubwa. Nikiangalia mahojiano ya mwandishi kwa Kiswahili, nijihesabu nimepata kitabu?

JIBU: Umepata mlango wake, ndugu yangu, na si jambo dogo. Kumbukumbu za Rais Mkapa zilipozinduliwa 12 Novemba 2019 zilikuwa kwa Kiingereza. Wasifu wa Mwalimu Nyerere ulioandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, juzuu tatu za 2020, nao ni wa Kiingereza. Rais Mwinyi alitoa kumbukumbu zake kwa Kiswahili Mei 2021, na ninamshukuru kwa hilo. Kwa watu wengi wa Muheza, mahojiano ya Kiswahili ndiyo nakala pekee watakayoipata, na ndiyo maana nakuwa mkali kwa watangazaji. Saa ile ikijaa pongezi, mtu kama wewe amenyimwa kitabu kizima.

Tenganisha pia uzinduzi na mahojiano. Kwenye uzinduzi watu huja kupongeza, ni haki yao, lakini hakuna anayeuliza ukurasa wa 140 umetoka wapi. Ukiwa na bando kidogo, acha hotuba, tafuta yale ya mwandishi kukaa na mtu mmoja aliyekisoma kitabu. Na maktaba ya mkoa ipo Tanga mjini. Nenda na mtoto wako anayesoma sekondari, akusomee sura moja na kukufafanulia. Naye atafaidika na Kiingereza chake.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Naweza kutumia mahojiano ya televisheni kama chanzo kwenye insha yangu ya historia?

JIBU: Marahaba. Unaweza, ukiandika jina la mwandishi, la mtangazaji, kipindi, kituo na tarehe kilipotoka. Ila jua kinathibitisha nini. Mahojiano ya mwaka huu kuhusu 1889 ni ushahidi wa anachosema mwandishi mwaka huu. Kuhusu 1889 yenyewe, rudi kwenye kitabu chake, fungua tanbihi, uone alikotoa. Andika pia dakika ya maneno unayoyanukuu, ili mwalimu wako ayatafute asikilize mwenyewe.